Kifaru Kilichong'aa Kama Teksi

Vijana wangu, ninyi mnaopaka rangi siku hizi mna kompresa isiyopiga kelele, mna simu inayowaonyesha mtu wa mbali akipaka kidude kidogo kuliko ukucha, na bado nawasikia mkilalamika kwamba penso za dukani hazina ncha. Penso, kwa asiye wa gereji, ni brashi tu. Sisi tulizifunga wenyewe. Kaeni chini basi, niwaambie habari ya vifaru.

Jina langu Hamisi, na watu wa Buyenzi, mtaa wetu hapa mjini, wananijua kama Hamisi wa Rangi. Maisha yangu yote ya kazi nimepaka magari: teksi, pikapu, basi ndogo zilizokuwa zikienda Ngagara. Gari likigongwa asubuhi, jioni mwenyewe anakuja kuliangalia na hajui liligongwa wapi. Lakini mkiniuliza kazi ninayoiota hadi leo, nitawaambia ni ile iliyoenea ndani ya sanduku la viatu. Vifaru vidogo vya chuma, vile vya vita, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vyenye mabaka ya jangwani. Jangwa ambalo mimi sijalikanyaga.

Vilikuwa vya kuchezea mezani. Msicheke. Waliovicheza walikuwa watu wazima wenye mvi, walimu wawili wa lise, yaani sekondari: Mwalimu Anselme wa Mutanga Nord na mwenzake Déo wa Ngagara. Mchezo huo walijifunza Ulaya walipokuwa wanafunzi, wakarudi nao pamoja na vyeti. Meza kubwa inafunikwa mchanga uliogandishwa kwa gundi, inawekwa vilima vya katoni, kila mtu ana jeshi lake. Mnasogeza kwa zamu, mnapima kwa utepe wa fundi cherehani, mnarusha kete. Kete ikitoa sita, kifaru cha mwenzako kimepigwa, hana neno, anakitoa mezani. Kila Jumapili baada ya misa walicheza, miaka na miaka, wakibishana kama wake wenza.

Aliyevipaka rangi vyote, vyake na vya mwenzake, alikuwa Déo. Anselme mikono yake ilikuwa ya chaki tu.

Jumapili moja ya Oktoba ya tisini na tatu waliacha mchezo katikati, kwa sababu Déo alipata lifti ya kurudi Ngagara na hakutaka kuikosa. Ilikuwa zamu yake. Wiki ile ile nchi ikageuka, vita ikaanza. Sitawaambia nani kati yao alikuwa nani kwa kabila. Mjini kwetu kila mtu alijua, na kujua huko ndiko kulikotuua. Itoshe kwamba mmoja aliweza kubaki kwenye nyumba yake na mwingine hakuweza. Déo alichukua mke wake na mabegi mawili, akavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Baadaye na kule kukawaka moto, na habari zake zikakatika.

Mimi haya yote sikuyajua. Niliyajua mwaka ule wa vikwazo, mipaka ilipofungwa na mafuta yakawa kitu cha kunusa kwenye chupa. Magari yalikaa. Nani apake rangi gari lisilotembea? Nilikuwa nashinda mlangoni mwa gereji nikiwahesabia mbuzi wa jirani mbavu, mpaka asubuhi moja akaja mzee mrefu mwenye koti na sanduku la viatu kwapani.

"Amahoro, fundi. We njo Hamisi?"

"Amahoro, Mzee. Ndiye mimi."

"Waliniambia mukono yako haitetemeki. Yangu, tazama." Akanyoosha mkono, na kweli ulikuwa unatetemeka. "Iko kazi hapa. Ni kidogo, lakini mi naiona ni kubwa."

Akafungua sanduku. Nyumba yake ilikuwa imepigwa na kipande cha bomu kwenye paa, mvua ikaingia masika nzima, ikaangukia upande mmoja tu wa meza. Upande wa Déo. Rangi ilikuwa imebanduka mabamba mabamba, kutu imechomoza, vifaru vinatia huruma kama kuku wa mvua.

"Hizi ni za rafiki yangu," akasema. "Sijui kama anaishi. Lakini kama anaishi, siku moja atarudia. Mutu akirudia akute pahali pake pamekufa, atafikiri tulimuzika. Hatakaa tena. Mi nataka akute jeshi yake vile aliiacha, avute kiti, acheze. Ile tu."

Sikuelewa vizuri, nakiri. Watu walikuwa wanatafuta chumvi, na huyu anatafuta rangi ya kifaru. Lakini niliona jinsi alivyolishika lile sanduku, nikasema nitafanya. Akaniachia kifaru kimoja kwanza, cha kujaribu.

Sasa sikilizeni kosa la mtu wa gereji. Mtu wa gereji akipewa kitu kilichobanduka rangi, anafanya nini? Anakwangua mpaka bati! Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha ninyi: rangi mpya haikai juu ya ugonjwa wa zamani. Nikakitumbukiza kifaru kwenye tina, ile inayoyeyusha rangi. Nikakipiga msasa. Nikakipaka rangi ya chini, nikapuliza rangi ya mchanga kwa pistole ya kompresa, nikakata karatasi nikaziba, nikapuliza mabaka ya kahawia, kingo zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Kisha verni ya kung'arisha mara tatu, na juu yake nta, nikasugua kwa kitambaa mpaka ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama humo. Mke wangu Mwamini akakiona akasema kinafaa kuvaliwa kwenye arusi.

Mwalimu Anselme aliporudi nilimkabidhi kwa mikono miwili. Akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Akakaa juu ya tairi.

"Rangi ya Déo iko wapi?"

"Nimeikwangua, Mwalimu. Safi, mpaka chuma."

Akapitisha kidole juu ya verni. Halafu akasema polepole, "Mukono yake ilikuwa hapa."

Nimeshawahi kuharibu gari la mkubwa mmoja, likatoka rangi ya zambarau badala ya buluu, na nikatukanwa mbele ya mtaa mzima. Sikuona aibu kama ile ya asubuhi hiyo. Ilinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia anirudishie, niondoe verni, nikichakaze, kifanane na wenzake.

"Apana," akasema. "Hii uiache hivi hivi. Déo akija aone mambo inafanyikaka kama yeye haiko." Na nilidhani niliona kitu kama tabasamu, lakini kilipita upesi. "Hizi zingine, fundi, usitoe kitu. Pale penye rangi yake ingali, uiache. Pale penye haiko, uiweke. Na mi nisijue ni wapi."

Ndipo nilipoanza kujifunza kazi upya, na nywele zangu tayari zilikuwa na chumvi.

Kwanza nilimwendea aliyenifundisha, Haji Ramazani. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, anakaa barazani na tasbihi yake akiwakosoa wapita njia. Lakini alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuona jangwa. Alikwenda Makka, na wenzake wanaposimulia Kaaba, yeye baada ya kusimulia Kaaba alikuwa anasimulia magari.

"Kule jua inakula rangi kutoka juu," akaniambia. "Mgongo wa gari unapauka kama unga, lakini chini ya mlango, pale kivuli inakaa, rangi ingali nzito. Na mchanga haiingii popote. Inaingia kwa kona, na mahali penye watu wanakanyaga wakipanda. We usipake vumbi kama mutu anapaka sabuni."

"Na kung'aa, Haji?"

"Kung'aa?" Akanitazama kana kwamba nimemwomba sigara mchana wa Ramadhani. "Mutoto wangu, jangwani kitu inayong'aa ni maji, na hata hiyo ni uongo."

Basi nikaanza. Penso nilifunga kwa nywele za sikio la mbuzi. Tulichinja Idi, watu wanagombania ini, mimi naomba masikio. Nywele za ndani, zile laini, unazilowanisha, unazichagua zenye ncha ambazo hazijakatwa, unazifunga kwa uzi kwenye mrija wa kalamu. Usikate ncha ya penso kamwe. Ukikata, umepata ufagio. Kifaru unakigandisha juu ya kifuniko cha chupa kwa gundi, ili vidole vyako vishike kifuniko na si kifaru, maana mafuta ya vidole ni adui wa rangi kuliko kutu. Rangi unaipima kwa bomba la sindano, tone kwa tone, na unaijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba. Kwa miezi mingi ukucha wangu ulikuwa jangwa.

Halafu kuna kupaka kwa penso kavu. Unachovya, unaifuta penso kwenye kitambaa mpaka unafikiri hakuna kitu tena, kisha unapitisha juu ya kingo na vichwa vya ribiti, kama unampangusa mtoto vumbi usoni akiwa amelala. Rangi inashika palipoinuka tu. Hapo ndipo chuma kinaanza kuonekana kizee. Msiwe na pupa nayo. Pupa yangu ilinigharimu kifaru kimoja kikawa cheupe kama kimeota ukoma, nikakaa nacho siku tatu nikikirudisha.

Vumbi lilinisumbua kuliko yote. Nilichukua udongo wa mashamba ya mpunga kule Buterere, nikaukausha, nikauchekecha kwa mtandio wa Mwamini bila kumwomba. Ukatoka mweusi mno, nami nikaambulia maneno ya Mwamini. Nikafikiri, nikapata akili: unga wa muhogo! Mweupe, laini, ukichanganya na udongo kidogo unapata rangi ya mchanga haswa. Nikapaka kifaru kizima, nikakianika dirishani, nikaenda kuswali adhuhuri nikiwa na majivuno mengi kuliko yanayofaa msikitini. Niliporudi sisimizi wamepanga foleni kutoka ukutani. Walikuwa wanalibeba jangwa langu punje kwa punje, kwa adabu kabisa, hawasukumani. Mwamini alicheka mpaka akashika ukuta. Mwishowe nilisaga tofali la kuchoma lililopauka, nikachanganya na majivu, na sisimizi wakaniacha.

Lakini kitu kimoja kilinishinda. Nilikuwa nikijaza baka lililobanduka, rangi ni ile ile, upaukaji ni ule ule, na bado ukitazama unaona: hapa kapita mtu mwingine. Sikujua ni kwa nini. Nilijaribu jicho moja, nilijaribu miwani ya jirani. Jioni moja Mwamini alikaa karibu nami akimalizia kukanda hina, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwapaka hina mabibi arusi wa Buyenzi, na hata wakati wa vita ile watu walioana, mchana, upesi upesi, lakini walioana. Akachukua kifaru kimoja cha Déo kisichoharibika sana. Akakigeuza.

"Huyu mutu ni wa kushoto," akasema.

"Umejuaje?"

"Tazama mukia ya rangi. Penso ikishuka inaacha nyingi, ikinyanyuka inaacha kidogo. Yako inaanzia huku inaishia kule. Yake inaanzia kule inaishia huku. We unamujibu, haumufuate."

Nikamtazama mke wangu kama ndiyo kwanza naletewa. Miaka yote hiyo tumekula sahani moja, na sikujua kwamba anasoma mikono ya watu namna hiyo. Kuanzia kesho yake nikaanza kupaka kwa mkono wa kushoto. Mimi, Hamisi, ambaye mkono huo haujawahi kushika hata kijiko! Mwamini ndiye aliyenifundisha: kiwiko mezani, kiganja kikilala juu ya kiganja kingine, pumzi unaishusha kabla ya mstari na si wakati wa mstari. Nilipaka mistari kwenye vigae vya chungu kilichovunjika mpaka vikaisha. Haji Ramazani alipita akaniona, akasimama.

"Kushoto?"

"Ni kazi, Haji. Mwenye hizi vitu alikuwa wa kushoto."

Akafikiri. "Kula usikulie," akasema. "Kupaka, Mungu anaangalia nia." Akaendelea na safari yake.

Nawaambieni ukweli, vijana: ukipaka kwa mkono wa mtu mwingine miezi mingi, unaanza kumpenda. Nilikuwa sijamwona Déo hata kwa picha. Lakini nilijua anapenda kuanza na baka kubwa la nyuma. Nilijua mahali alipochoka akaacha mpaka kesho, na kwamba kwenye vifaru vya rafiki yake alitumia muda mrefu kuliko kwenye vyake mwenyewe. Anselme alipoleta kifaru chake kimoja nikilinganishe, niliona hilo mara moja. Sikumwambia. Nilidhani analijua, na kama halijui, si mimi wa kumwambia.

Kazi ikiisha kidogo naipeleka Mutanga Nord. Kutoka Buyenzi si mbali, lakini siku zile hapakuwa na karibu. Siku moja kwenye kizuizi askari kijana akaniambia, "Fungua."

Nikafungua sanduku la viatu. Akaona vifaru. Akaita mwenzake. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Hii ni vita ya nani?" akauliza.

"Ya wazee wawili, afande. Wanacheza mezani."

"Wanacheza?" Akachukua kimoja, akakiweka juu ya gunia la mchanga lililokuwa mbele yake, akainama jicho likiwa sawa nacho. Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu, ndevu hazijakamilika. Akakisukuma kwa kidole, polepole, na bila kujua akatoa mlio kwa midomo, ule mlio wa injini ambao watoto wote hutoa. Mwenzake akamtazama. Akaacha. Akakipuliza vumbi, akakirudisha sandukuni kwa uangalifu kuliko mimi mwenyewe.

"Yetu ingekuwa hivi," akasema, na hakumaliza. "Pita, mzee."

Nimemfikiria mara nyingi yule kijana. Nilimwombea nikiwa bado natembea.

Nyumbani kwa Anselme ndipo nilipoiona meza. Ilikuwa chumba cha nyuma, imefunikwa shuka nyeupe. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anaondoa shuka, anapangusa, anakaa upande wake. Hachezi. Kifaru nilichokirudisha alikiweka mahali pake, anakisogeza kidogo, anarudi nyuma, anatazama, anakisogeza tena. Mvua ilikuwa imefuta alama zote, lakini yeye alikuwa nazo kichwani. Na kile changu cha verni alikiweka nyuma ya kilima cha katoni, mahali pake pale pale, kikimeremeta kama jino la dhahabu.

Siku moja nilithubutu. "Mwalimu, na kama hatarudi?"

Alikuwa anapangusa miwani yake. "Basi itabakia zamu yake," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, na sioni haya kuwaambia hivyo.

Miaka ikapita. Mafuta yakarudi, magari yakarudi, nami nikarudi kwenye milango na maboneti. Vifaru vyote nilikuwa nimevimaliza, lakini nilikuwa nikipita Mutanga Nord mara moja moja, nakuta shuka ile ile, mzee yule yule, mgongo umeinama zaidi. Hata bunduki zilipoanza kunyamaza na watu wakaanza kurudi na magodoro vichwani, yeye hakuuliza kitu. Alisafisha meza.

Ndipo asubuhi moja akatokea gerejini, hana koti, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Déo iko Ngagara," akasema. "Kwa mutoto wa dada yake. Anakuja Jumapili. Fundi, na we ukuje. Mi peke yangu sitaweza."

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Hawakusema wakikutana wanaongea nini.

Déo alikuwa mtu mdogo, amekonda, koti lake ni la kuazima maana mikono ilizidi. Walishikana mikono mlangoni kama watu wa ofisini. Anselme alifungua mikono yake kumkumbatia, mwenzake akawa ameshapita. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, kofia juu ya magoti, na alimwita rafiki yake "Monsieur Anselme". Waliongea Kirundi kidogo, Kifaransa kidogo. Mke wa Déo alikuwa amezikwa huko Kongo. Anselme alisema pole. Déo alisema asante. Mimi nilitazama viatu vyangu nikitamani niwe chini ya gari mahali fulani.

"Njoo," Anselme akasema mwishowe. "Kuna kitu."

Tukaingia chumba cha nyuma. Akavuta shuka.

Déo alisimama. Alichukua kifaru, akakigeuza, akakirudisha. Akachukua kingine. Alitumia mkono wa kushoto, nami nilipouona ule mkono moyo wangu ulienda mbio kana kwamba nimekutana na ndugu. Aliviangalia karibu vyote. Hakusema hiki ni changu wala hiki si changu. Hakuona pa kusema hapa kapita mtu mwingine. Vijana, hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa na mteja, na mteja hakujua kwamba anaitoa.

"Umezitunza," akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayepokea mzigo posta.

"Ni zamu yako," Anselme akasema.

Déo akaitazama meza. "Mi sikumbuke tena namna wanacheza."

"Nitakukumbusha."

"Apana, Monsieur Anselme. Ile ilikuwa wakati ingine." Akashika kofia yake.

Nilimwona Anselme. Hakubembeleza. Akaanza kuikunja ile shuka, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Miaka yote ile ya kupangusa, na mtu alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye kiti chake, na alikuwa anaondoka.

Jua la asubuhi lilikuwa limefika dirishani. Lilipita juu ya vifaru vyote na hakuna kilichojibu, ndivyo nilivyovipaka. Lakini nyuma ya kilima cha katoni kitu kikamulika mpaka dari. Déo akageuka. Akainama, akakitoa. Mwanga ukacheza usoni mwake.

"Na hii?"

Akakigeuza juani.

"Anselme. Hii ni nini?"

"Uliza fundi."

Nikasogea mbele. "Mzee, mi ni mutu wa magari."

Akakitazama kifaru, akanitazama mimi. "Uliweka verni?"

"Mara tatu."

"Jangwani?"

"Na nta juu yake, Mzee."

Kitu kilianzia tumboni mwake, nikaona koti la kuazima likitikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Anselme!" akasema. "Anselme, Mana yanje, Mungu wangu! Naenda kidogo tu, narudia, umeniwekea teksi mu jeshi! Adui haitapiga hii. Itanyoosha mukono, iombe kupelekwa Buterere!"

Na Anselme naye akaanza, akashika pembe ya meza, miwani ikamdondoka. "Nilimwambia aiache," akasema kwa shida. "Nilisema uone mambo inafanyikaka kama we haiko."

Walicheka mpaka kicheko kikaisha, na kilipoisha kikaacha machozi, na safari hii Déo hakupita mikono ya mwenzake ilipofunguka. Nilitazama nje. Kuna mambo fundi hapaswi kuyakagua.

Kisha nikasikia kiti kikivutwa. Déo alikuwa amekaa upande wake, kofia iko sakafuni. Akaweka kile kifaru changu mbele ya jeshi lake lote, peupe kabisa, juani.

"Hii njo itatangulia," akasema.

"Inaonekana mpaka Uvira," Anselme akasema. "Lazima niipige."

"Piga."

Anselme alipima kwa utepe, akafuta macho, akatikisa kete kwenye ule mkono wake usiotulia, akarusha. Kete ikagonga kilima, ikaanguka sakafuni, ikaviringika mpaka chini ya kabati.

"Nimekosa," akasema. Hakuinama kuangalia.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kabati. Nilipiga magoti, nikaiona. Ilikuwa sita. Nikaifumba kwenye kiganja, nikainuka, nikampa Déo kwenye mkono wake wa kushoto.

"Zamu yako, Mzee," nikamwambia.